Ngazi ya bwawa inatetemesha mikono, na kanisa linasema ni upako

Bi Swabaha, shikamoo. Nakusoma kila wiki, leo nimeona nami nikusumbue, na naomba unijibu upesi maana Jumapili watu wanaingia tena majini.

Mimi ni mke wa mtu hapa Akheri, nasimamia nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea, mwenye nyumba hiyo anaishi mbali, na aliliruhusu kanisa letu dogo kubatizia hapo kwa sababu mto umepungua, maji hayamfiki mtu magotini. Mwezi uliopita alibatizwa mama mkwe wangu, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na ganzi tangu aanguke shambani, na wakati anatoka akashika ile ngazi ya chuma, akatetemeka mpaka begani, akapiga yowe, "Mwanangu! Mkono umeamka! Njoo uone!" na aliyekuwa karibu ni mimi, Bi Swabaha, na tangu niolewe hakuwahi kuniita mwanangu, huwa nasikia tu "huyo wa Yoeli". Tangu siku hiyo tunakula pamoja, ananiletea ndizi, ananiombea. Mchungaji Manase naye akasema, "Upako umekaa kwenye maji haya," basi kila anayebatizwa lazima aishike ngazi, na anayetetemeka sana anashangiliwa sana.

Lakini mimi ndiye ninayeosha lile bwawa. Nikivaa ndala sisikii kitu, nikiwa pekupeku mguu umelowa mkono unawasha, nikizima pampu kunatulia, nikiiwasha kunarudi. Nilimwita fundi wa pampu, akaipima, akasema, "Dada, pampu ina athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, iko salama, labda ni wasiwasi wako tu." Nikachanganyikiwa.

Jumapili iliyopita nikazima pampu kimya kimya ili watu wasidhurike. Akaingia Jackline, mke wa Solomoni, ambaye mimba zimemharibikia na amelia mno kwa ajili hiyo. Akashika ngazi, kimya. Akashika tena, kimya. Mama mkwe akasema mbele ya wote, "Binti, kuna kitu unaficha. Tubu." Jackline akalia kwamba hana kitu, wakazidi kumkemea, mimi roho ikaniuma, nikakimbilia nyuma ya nyumba nikawasha. Yeye alikuwa ameshachoka, akasema basi nimetubu, na palepale ngazi ikamtetemesha, watu wakaimba. Sasa kijiji kizima kinaamini alikuwa na dhambi, na Solomoni anamuuliza kila siku alitubu nini.

Nikisema ni umeme nitaonekana nimempinga Roho, na mama atarudi kuwa yule wa zamani. Mkono wake kweli unainuka, anachota maji mwenyewe! Jumapili amesema atatangulia kuishika ngazi, maana mkono wa kushoto nao umeanza kumsumbua. Nifanyeje?

Mke wa Yoeli, Akheri

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Pole kwanza. Nami niliolewa, najua mtu anavyoweza kuisubiri huruma ya mkwe mpaka akazoea kuikosa. Lakini ulimwashia umeme mwanamke aliyesimama majini. Sitalipamba hilo. Uligundua mwenyewe kwamba chanzo ni pampu, kisha ukaiwasha ili watu wapate walichokitaka. Huruma gani hiyo?

Nimempigia mdogo wangu Muzammil, anayefunga umeme wa mabwawa ya hoteli huku Themi. Anasema fundi wako hakudanganya, ila aliishia njiani. Athi ya pampu ni ya pampu. Bwawa lina ngazi, vishikio, nondo ndani ya zege, na maji yenyewe, na vyote hivyo vinatakiwa viunganishwe pamoja kwa waya mnene wa shaba, ili umeme ukivuja pasiwe na kimoja chenye nguvu kuliko kingine. Maji ndiyo husahaulika. Bwawa la vigae na mabomba ya plastiki halina mahali maji yanapogusa chuma kilichounganishwa, kwa hiyo huwekwa kipande cha chuma kisichoshika kutu, kikae majini muda wote, na waya ule ule wa shaba ufungwe hapo. Pasipo hivyo, maji yana nguvu yake na ngazi ina yake, na anayegusa vyote viwili ndiye anayegeuka kuwa waya.

Leo mnatetemeka. Siku umeme ukivuja zaidi, mkono utakaza, mtu hataweza kuachia ngazi wala kupiga kelele. Na kwa mnavyoshangilia hapo, atazama mkiimba.

Basi weka gazeti chini ukazime swichi ya pampu, ufunge chumba chake, na ufunguo ukae kwako. Mwambie mwenye nyumba alete fundi umeme mwenye leseni, apime maji na ngazi, atafute umeme unavujia wapi, aunganishe vyote, maji yakiwemo, na aweke breka inayokata umeme ukivuja. Mpaka apime tena na kukuta kumetulia, haingii mtu, awe mgeni au muumini. Na ikitokea mtu amekwama majini, msimrukie. Zimeni umeme kwanza.

Kwa Mchungaji Manase nenda na mumeo, kabla ya Jumapili, mkiwa watatu tu. Mimi ni Muislamu, siwezi kuwafundisha ubatizo. Ila najua mtu wa Mungu hapungukiwi kitu akiambiwa bwawa ni bovu. Fundi akija na kipimo chake, mchungaji awepo aone kwa macho yake.

Mkono wa mkweo uache. Uliamka kwa nini, mimi sijui, wala wewe hujui. Usiende kumwambia hakupona. Mwambie maji yale yana hatari, inatosha.

Jackline hawezi kumsubiri fundi. Nenda kwake leo, Solomoni akiwepo, useme aliyezima ni wewe na aliyewasha ni wewe, na kwamba mwanamke huyu hakuwa na la kutubu. Kisha ulirudie kanisani, kwa sababu kanisani ndiko alikoaibishwa. Utaona haya, ndiyo. Yeye anaishi na haya isiyokuwa yake, huku mumewe akimchunguza kama mwizi.

Unaogopa mkweo atanuna. Acha anune. Atanuna akiwa hai.