Mfalme wa Mtaa

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima, ila moyo wangu hauna raha. Shemeji yako amelifumua gauni la bibi harusi nililolishona mimi. Mteja alisema tu, "Mama, mikono yako ibarikiwe," wala hakumtupia jicho mume wangu kwenye cherehani yake. Alipoondoka, mume wangu alichukua wembe akafumua mshono mmoja mmoja huku analia: "Mimi si kitu humu ndani." Mtaa mzima unamsifu kwa upole. Mimi namwogopa. Nifanyeje?

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Mimi sijambo. Mbona huyo ni Baba kabisa! Umesahau alivyojiona? Picha yake sebuleni ilikuwa kubwa kuliko kabati. Lakini tukimwita "Mfalme wa Mtaa" alicheka mpaka machozi, hasira zikaisha. Mtanie shemeji, tena mbele za watu. Atalainika tu.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimemtania. Wateja wamejaa, nikasema, "Mpisheni Mfalme wa Mtaa, asije akawafumua na nyinyi!" Wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu: "Asante, mke wangu." Tangu hapo hanisemeshi. Kioo cha wateja amekitoa ukutani. Simu yangu kaichukua, eti mbovu. Akipita nyuma yangu ananizungushia utepe wa kupimia shingoni, halafu anautoa.

Baba alijipenda kwelikweli, ndiyo maana utani haukumuuma. Huyu hajipendi hata chembe. Anataka sisi tumpende kwa niaba yake, na ukiteleza mara moja hasahau. Naogopa, mdogo wangu. Nijibu kupitia kwa jirani.

Dada yako

27 Machi

Dada yangu,

Sina hata muda wa salamu. Nilikupotosha. Usimtanie tena, usimuage, usibishane naye. Toka na nguo uliyovaa, nenda kwa shangazi. Ukifika, niandikie hata neno moja.

Mdogo wako

9 Aprili

Shemeji,

Natumaini hujambo. Mimi mzima.

Barua yako jirani alinikabidhi mwenyewe, maana ananijua mtu mpole. Dada yako hawezi kuandika kwa sasa. Kwa shangazi hakufika.

Nimeisoma mara nyingi. Nijibu jambo moja tu, na usinifiche: siku zote hizo, mlikuwa mnanicheka?

Shemeji yako