Nne kwenye Gia, Tano kwenye Difu

Jumapili, Sanyuanli, Guangzhou. Mvua tangu alfajiri.

Nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia chumbani na hazina dalili ya kukauka. Siku nyingine ningenuna. Leo nimezipita nikiimba, jirani akagonga ukuta ninyamaze, nikaongeza sauti.

Dada Zuhura hauzi gari!

Ngoja niandike vizuri, maana mwakani nitataka kusoma hapa nikumbuke kila kitu.

Zuhura ndiye mkubwa wetu, yuko Dar. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyetulea sisi wadogo zake na kutusomesha. Wa mwisho alipomaliza chuo ndipo akajinunulia kitu cha kwake mwenyewe: gari dogo la spoti la Kijapani, jekundu, viti viwili, gia za mkono. Watu walimcheka. Mama mtu mzima na gari la vijana! Yeye hakuwajali, akajiunga na wenzake wanaoshindana mwendo kule Morogoro, akawa anarudi na vumbi usoni na furaha ambayo sisi hatukuwahi kuiona kwake.

Mwaka jana gari likaanza ugomvi. Gia ya pili inasaga kila ikiingizwa. Akikata kona kali kuegesha, huku nyuma kunanguruma na kushtuka. Fundi akatoa hukumu: giaboksi imekufa. Na kama kawaida, akatokea bwana mmoja aliye tayari kulinunua hivyo hivyo lilivyo. Zuhura akanipigia, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atakimbia nalo mashindano ya leo, na likimwaibisha, Jumatatu analiuza.

Ile sauti ya kawaida ndiyo iliyoniuma. Namjua dada yangu. Akilia, ujue nafuu ipo. Akitulia, kashakata tamaa.

Nikamwuliza swali moja: mmeweka oili gani?

"Mdogo wangu, ni ile aliyoleta Shomari."

Shomari ni Mzanzibari, ofisi yake iko jengo la pili kutoka kwangu, anauza vipuri vya magari, na kwa mdomo hana mpinzani Guangzhou nzima. Alikuwa amempelekea katoni ya oili ya gia, makopo yote yameandikwa GL-5, waweke kwenye giaboksi na kwenye difu ya nyuma pia. Nikamfuata ofisini kwake. Kwa nini tano kila mahali?

"Bibi wee, tano si ndiyo ya juu? Mie nimpe dada yako grade ya chini, nna wazimu?"

Hapo nikaelewa, na nusura nicheke. Sisi wa huku tumeharibiwa na magredi. Viatu vina gredi, chaja zina gredi, mabegi yana gredi. Laoban, mwenye duka, anakupangia mezani, na namba ikipanda unajua mali imepanda. Basi na oili tukaisoma hivyo hivyo. Kumbe kati ya nne na tano hakuna mkubwa wala mdogo. Ni kazi mbili tofauti.

Watu wamesahau kwamba kabla ya biashara ya magauni ya soko la Shahe nilisoma ufundi wa magari, Tanga. Hata mimi nilishaanza kusahau. Ndani ya giaboksi ya gari lile kuna ringi za shaba, kazi yake ni kuikamata gia na kuilinganisha mwendo kabla haijaingia. Ni breki ndogo tu. Oili ya tano ina dawa kali ya kulinda meno yanayosuguana kwa nguvu, na dawa hiyo inazifanya ringi ziteleze. Nyingine huila shaba yenyewe. Ringi isipokamata, gia inasaga. Zile zinataka nne, GL-4.

Kwenye difu ni kinyume. Huko meno yanasuguana kwelikweli, tano ni lazima. Ila difu ya gari kama hili ina sahani za klachi ndani, nazo zinataka tano yenye kiungo chake maalumu, la sivyo zinanata na kunguruma kwenye kona. Kwa hiyo Shomari alikosea mbele na nyuma kwa katoni moja. Hongera zake.

Fundi akaleta lake: Dar kuna joto, tuweke oili nzito kabisa. Nikamkatalia. Nzito inafanya gia iwe ngumu. Uzito ni 75W-90 kote kuwili, kama gari lilivyotoka kiwandani.

Ya difu niliipata upesi. Kuitafuta hiyo nne ndiko kulikonitoa jasho. Soko zima la vipuri ni mei you, hakuna, hakuna. Mama mmoja mwenye duka alikaribia kunifukuza.

"Four mei you! Five hao, five good, my friend! Africa people all take five!"

"Bu yao. Sitaki five. Four, laobanniang, four."

Nikakaa kwenye kistuli chake na viatu vyangu vilivyolowa, nikamwonyesha kwamba sina safari nyingine. Akanisonya, akampigia mumewe kelele kule stoo ya juu. Mume akashuka na makopo yenye vumbi, na nyuma yameandikwa ninachotaka. Nilitamani kumbusu yule mama.

Oili haipokelewi kwenye kago ya ndege, kwa hiyo ilikwenda kwa meli, ndani ya ndoo niliyoizungushia plasta mpaka mikono ikauma, pamoja na marobota yangu ya magauni ya watoto. Maana yake nilikuwa na nafasi moja. Nikikosea, hakuna muda wa kutuma nyingine.

Na sikuwa na uhakika. Ringi zikishaisha kabisa, hakuna oili ya kuzifufua. Hilo sikumwambia Zuhura. Nilimwambia litapona, kwa sauti ya daktari.

Mzigo ulitoka bandarini wiki hii. Jana fundi akamwaga ya zamani, akajaza mpya. Nikamwuliza Zuhura vipi, akanijibu kwa ujumbe: tuache Jumapili iseme. Jamani, dada yangu huyu!

Leo saa nane mchana, kule saa tatu asubuhi, nilikuwa ofisini kwa Shomari, maana simu yake ndiyo inayokamata mtandao wa nyumbani bila kukwama. Rafiki wa Zuhura alisimama kando ya barabara na simu yake, anatuonyesha. Mimi sikutazama. Nilifumba macho nikasikiliza.

Gia ya kwanza. Halafu ya pili, kimya. Imepita tu.

"Imeingia?" Shomari akauliza.

"Nyamaza!"

Ya tatu. Kisha kona, na hapo ndipo penyewe, kushuka kutoka tatu kurudi pili gari likiwa mbioni. Nikasikia injini ikipanda, ikatulia, ikavuta. Hakuna kusaga. Wala nyuma hakukunguruma.

Shomari alipiga kelele kuliko mimi. Akakumbatia katoni ya vipuri akazunguka nayo ofisi nzima, eti yeye alijua tangu mwanzo. Nimemwachia. Leo nina roho nzuri.

Zuhura hakushinda, vijana wawili walimpita. Nani anajali? Alipotupigia alikuwa bado amevaa helmeti, akaivua. Akalia. Alilia mpaka vumbi la mashavuni likageuka tope, na mimi huku nikalia naye, na Shomari akajifanya anatafuta chaja.

"Inaingia yenyewe, mdogo wangu," akasema mwisho. "Siitii nguvu, inaingia yenyewe."

Jioni Shomari kanijia mlangoni, mpole kama si yeye, eti kuna mteja wake ana gari la gia za mkono, nimwambie achukue oili gani. Nimemwambia apange foleni.

Kesho ni Jumatatu, siku aliyosema angeliuza. Nimemwuliza ana mpango gani nayo. Amesema anaamka mapema alioshe gari lake.