Kamera ya Lango la Ng'ombe

Jumatano, 3 Septemba 2025

Kamera zimefika! Zimefungwa kwa lango la soko la ng'ombe, na moja inatazama meza yangu ya chapati moja kwa moja. Jeff wa ofisi ya soko anasema zinajua sura. Mwizi akipita, king'ora kinalia na walinzi wanapata habari yake kwa simu. Haya, waje sasa! Waliokula fahali wetu mwaka jana waje wanywe chai.

Filister, yule muuza dagaa, omena za Sori, amejifunika leso mpaka puani. Ati uso wake si wa kuwekwa kwa kompyuta ya watu asiowajua. Nikamwambia, mama, na sura hiyo, hata kompyuta itakataa. Watu walicheka mpaka akafunga gunia lake akaenda. Kama hujaiba, unaogopa nini?

Wenye ng'ombe wamegawanyika. Mmoja anasema sasa atalala usingizi. Mwingine anauliza, na hizo picha zinaenda wapi?

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Wesley tena. Ndugu wa marehemu mume wangu. Mwaka haujaisha tangu tumzike Jeremiah, na huyu tayari amelima shamba letu la mtoni, amepanda miwa. Ati anamtunzia mwanangu Tony mpaka aoe. Tony wangu ni mwanamume mzima, ana mikono miwili! Nimemtukana Wesley mbele ya vibarua wake. Akasema tu, shemeji, punguza hasira. Hiyo ndiyo inaniua. Heri angenitukana pia.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Jeff ametangaza: mwenye picha ya mshukiwa amtumie kwa WhatsApp. Jina la aliyetuma linabaki siri. Nimemuuliza mara mbili — siri kabisa? Kabisa.

Picha ya Wesley ninayo moja tu. Liz binti yangu aliipiga kwa simu hii siku ya mazishi. Wesley kando ya kaburi, kofia imeshuka machoni, amevaa tisheti ya msiba kama sisi wote, uso wa Jeremiah umechapwa kifua kizima. Nikaandika: huyu huvusha ng'ombe wa wizi Tanzania. Nikatuma.

Jeff amejibu: sura imeshika vizuri sana.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Kimya! Wesley ameingia sokoni, ametoka, ameingia tena. Amekuja hata kununua chapati kwangu, kofia mkononi, uso wote nje. Amesema chapati ni tamu. Mjinga.

Nimemuuliza Jeff kwa sauti ya chini kama mashine yake imelala. Ati mashine haikosei, ni watu wanaokosea. Sawa. Ngoja tu.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Ukumbusho wa mwaka mmoja wa Jeremiah. Umeenda vizuri, watu wameshiba. Tumevaa tisheti zile zile, zimefuliwa zikapigwa pasi. Tony aliongea habari za baba yake, nikalia, nililia kweli. Wesley alilia kuliko mimi — kujionyesha tu! Tony anasema ya kwake hataivua wiki hii yote.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Siwezi kuandika vizuri.

Tony alileta ndama wetu sokoni. Nilimwona akikaribia lango, nikampungia mkono. King'ora kikalia. Simu za walinzi zikasema mwizi wa ng'ombe, yuko langoni. Na yeye hapo ameshika kamba ya ng'ombe. Nani angeuliza? Nilipiga kelele, ni mtoto wangu, ni mtoto wangu! Mwanamume mmoja akanijibu, hata wezi wana mama zao. Fimbo, mawe, mateke. Watu niliowapa chai asubuhi.

Wesley ndiye aliyemlalia. Alijitupa juu yake, wakampiga yeye mpaka mkono ukavunjika, mpaka polisi wakafika.

Jicho la kushoto la Tony limeenda. Daktari alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, halafu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Makelele kwa grupu la soko. Watu wanadai waione picha ya huyo mwizi. Jeff ameiweka. Ni ile yangu.

Mashine imechora duara — si kwa Wesley. Ni kwa Jeremiah, pale kifuani kwa Wesley. Kofia ilimficha Wesley, mashine ikachukua uso uliokuwa wazi. Kwa hiyo mwizi ni mume wangu aliye kaburini, na kila anayepita na tisheti yake ni yeye. Wesley alipita na shati lake la kawaida. Yawa! Na mimi nilimlaumu Jeff.

Na wamecheka! Wameweka vile vikatuni vya kucheka na machozi. Mwanangu amelala na bandeji kichwa kizima, wao wanacheka. Filister peke yake ameandika pole, Mama Tony. Nimemchukia zaidi.

Halafu swali: nani alituma? Jeff amesema siri ni siri. Nimemshukuru Mungu kwa hilo, nimeona haya, nimeshukuru tena.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Liz ametoka kumwona Tony hospitali mchana, simu mkononi. Mama, hii picha niliipiga mimi. Kwa simu yako.

Nilikuwa nakanda unga. Sikuacha kukanda.

Ulimtumia nani?

Nikasema Wesley. Kwamba aliniomba mwanzo wa mwezi, ati ya kumbukumbu. Nikaongeza — sijui mdomo uliyatoa wapi — kwamba alijua Tony atavaa ile tisheti. Kwamba Tony akifa, shamba la mtoni ni lake. Liz akasema, lakini baba mdogo alimlalia Tony. Nikamwambia, alingoja kwanza apigwe.

Alilia. Halafu akaandika kwa grupu kwamba ni Wesley, hapo hapo, mbele yangu. Sikumshika mkono. Ameondoka na marafiki wa Tony, pikipiki zimejaa barabara.

Jua bado lipo. Kutoka hapa naona paa la Wesley. Nasikia filimbi za kuitana. Mbwa wake alikuwa anabweka, sasa ameacha.

Bado naweza kumpigia Liz. Nimwambie nilituma mimi. Lakini Tony atajua, na atanitazama na jicho lililobaki mpaka nife. Naogopa. Na kwa sababu hakuna anayesoma hapa, niseme tu: pia nasikia raha kidogo. Si nyingi. Kidogo.

Simu inalia. Ni Wesley.

Imekatika.

Ametuma meseji: Shemeji, wamejaa hapa kwangu, sielewi wanasema nini. Njoo haraka. Wewe watakusikiliza.

Unga umenikaukia vidoleni. Simu inalia tena.