Siku Niliyomwinamia Baba

Cheongdo, mwezi wa kumi na moja

Mdogo wangu Du-sik,

Habari za Hanoi? Natumai u mzima, na kwamba siku hizi unakula chakula cha maana badala ya tambi za pakiti. Sisi tunaendelea. Baridi imeingia. Baba anakusalimu kwa kukulalamikia: eti ana mtoto wa kiume mmoja tu, naye amekosa sherehe yake ya kutimiza miaka themanini kwa ajili ya kiwanda cha watu.

Kila ukipiga simu unaniuliza kama nguvu zimerudi. Du-sik, nimechoka. Saratani haionekani tena, na uboho ulionipa umeshika vizuri, hata kundi langu la damu sasa ni lako. Baba anasema ndiyo maana nimekuwa mvivu. Lakini mapaja yameisha. Ugonjwa uliyala, dawa zikamalizia. Nikipanda ngazi za nyumbani, nikifika juu nimeshasahau nilichofuata.

Bi. Pyo, mtaalamu wa viungo pale hospitali, ni binti mpole asiye na huruma. Hunikalisha kitini na kunisimamisha bila kushika kitu, tena na tena. Aliponiuliza nataka miguu inifanyie nini, nilimwambia nataka kumwinamia baba siku yake, paji hadi sakafuni, halafu niinuke mwenyewe. Akacheka, kisha akatandika mkeka. Tangu masika nashuka na kupanda pale kama mtu aliyedondosha sindano. Shangazi Mal-sun akinikuta nahema hukasirika. Kwake mgonjwa hulala, akaletewa supu ya mifupa. Siku nyingine natamani angekuwa sahihi.

Basi siku ikafika. Baba alikaa ukumbini kwenye mto wake, nyuma ya meza ya matunda na keki za mchele. Mimi na mume wangu tukainama pamoja, nami nilikuwa nimeshamkataza asinishike. Yeye akainuka. Mimi nikajaribu, mapaja yakakataa. Nikajaribu tena, yakakataa.

Kisha nikamsikia shangazi akivuta kamasi, anamwambia jirani hajapata kuona binti anayempenda baba yake namna hii, tazama anavyolia pale chini. Wageni nao wakaanza kufuta macho. Mdogo wangu, nilikuwa silii. Nilikuwa nimekwama.

Sasa nikuambie ambalo hata mume wangu sijamwambia. Pale chini palikuwa pazuri. Moto wa chini ya sakafu ulikuwa umewashwa, sakafu ina joto lake lile. Nikawaza, basi, yatosha. Nisiinuke tena, si leo, wala kesho kwa Bi. Pyo. Hata uboho wako ulikuwa umenichosha, maana kila siku ulinidai niishi. Nisamehe kwa hilo. Nikafumba macho.

Nikasikia magoti yakilia. Baba alikuwa amezunguka meza, anashuka polepole, mpaka paji lake likagusa sakafu mbele ya langu. Baba anamwinamia mwanawe! Shangazi akasema mzee amechanganyikiwa.

Baba akaninong'oneza, “Geum-ok, mwanangu, na mimi nimeshindwa kuinuka. Ukibaki huku tutabaki wote, na supu inapoa.”

Nilicheka, nikaona haya, kisha nikaogopa kwamba mzee ataumia. Nikakunja vidole vya miguu kama Bi. Pyo alivyonifundisha, nikasukuma sakafu kwa mikono, nikainuka. Nikamnyooshea baba mkono.

Aliushika, Du-sik, akasimama. Wala hakuniegemea hata kidogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, umegusa tu wangu.

Sijamwambia kwamba najua. Kesho yake nilirudi kwenye mkeka.

Shangazi anakusalimu, na mume wangu pia. Njoo mwaka mpya, usilete zawadi, njoo wewe tu. Tutamwinamia baba sote. Ukisimama ukaniona bado niko chini, usinikimbilie. Shuka tena.

Ni mimi dada yako,
Geum-ok