Mie Msinihesabu

Mbagala, 19 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Haroub,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima huko Maskati pamoja na mkeo Rumaisa, na kile kifua chako kimetulia. Sie huku wazima wa kujikongoja. Mama na miguu yake, mie na mgongo wangu, na hawa wanangu Aya na Talha shule zimefunguliwa viatu vimeshawabana.

Nakuandikia badala ya kukurekodia sauti kwa sababu mama siku hizi anasikia kila kitu. Masikio yake yangekuwa ndiyo miguu, angekwenda sokoni mwenyewe.

Mama katoka eda Alhamisi. Majirani wamekuja, dua imesomwa, wali umeliwa. Walipoondoka akakaa barazani akitazama barabara mpaka alasiri. Halafu akaniuliza, "Ile safari ya meli ya Haroub ni kweli, au yalikuwa maneno ya msiba?"

Nami nakuuliza hivyohivyo. Ulisema kwenye simu, siku uliyokosa ndege ya kuja kumzika baba, kwamba mama akimaliza eda utatupandisha sote kwenye meli ya watalii, ile inayotoka Dar kwenda Unguja na Ngazija na kurudi. Kama yalikuwa maneno ya msiba hakuna atakayekulaumu. Ila niambie mapema, maana mie nimeshaanza kuitamani. Baba nimemuuguza miaka minne, duka juu yangu, watoto juu yangu, sasa mama. Kila nikikaa nasikia "Jokha!" Nimechoka, Haroub. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Nataka siku chache za kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita.

Dada yako,
Jokha

*

Maskati, 26 Januari 2025

Dada Jokha,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Sie wazima, kifua kinakuja kinaondoka. Pole na yote, na mama mpe pole ya miguu.

Hayakuwa maneno ya msiba. Tunakwenda, inshallah. Ila dada, bei ya ile meli si mchezo, na mie hapa ghalani napiga shifti mbili siku nyingine nasahau nimekula nini. Kwa hiyo nimekaa nikapekua mitandaoni jinsi watu wanavyobana matumizi. Wanasema kwanza usiende msimu wa watu. Tusubiri Ramadhani ipite na Pasaka ipite, mvua za masika zikishika, watalii wanakimbia na bei inashuka. Pili, usinunue kitu melini, si maji, si soda, si picha zao, nguo unafua mwenyewe kwenye sinki. Tatu ndiyo kubwa: tuchukue vyumba vya ndani. Viwili vinatutosha sote watano, na ni nusu ya bei ya vile vya pembeni.

Mwambie mama aanze kushughulikia pasipoti.

Nduguyo mdogo,
Haroub

*

Mbagala, 2 Februari 2025

Kwa Haroub,

Assalaam alaykum. Natumai mmeamka salama. Sie tupo, joto linatumaliza na umeme unakuja kwa mapenzi yake.

Habari yako ya chumba cha ndani ilimfurahisha mama kuliko ulivyodhani. Siku mbili nzima kila anayepita anaambiwa, "Mwanangu anajua heshima, mie kaniwekea chumba cha ndani." Si unajua kwetu chumba cha ndani hapewi kila mtu. Nami sikujua zaidi yake, nikafurahi naye. Akaanza na kuorodhesha vya kubeba: visheti, achari ya ndimu, majani ya chai, na jiko dogo la mkaa endapo chai yao itakuwa maji ya moto tu. Nikamwambia mama, melini watatushusha na jiko letu.

Jana Aya akamwonyesha picha ya hicho chumba kwenye simu. Kuta nne na taa, dirisha hamna. Mama akaishika ile simu, akaigeuza huku na huku akitafuta dirisha. Kisha akaniuliza, "Kwani nimefiwa tena?"

Hakuna aliyecheka. Kasema juzi tu katoka ndani, harudi ndani kwa hiari yake hata kama chumba chenyewe kinaelea. Kama hakuna dirisha, yeye haendi. Sasa tazama utafanyaje. Mie nimemaliza maneno.

Dada yako,
Jokha

*

Maskati, 9 Februari 2025

Dada,

Wa alaykum salaam, shikamoo. Mwambie mama anisamehe. Wallahi lile la eda halikunipitia kichwani.

Nimehangaika wiki nzima. Vyumba viwili vya dirisha siviwezi, wala cha dirisha kimoja na cha ndani kimoja, hata niuze hiki kitanda ninacholalia. Naweza kimoja. Ni kikubwa, dirisha pana, mama atakaa atazame maji mpaka yamchoshe. Ila kina vitanda vinne, na wa tano hawamruhusu hata kulala chini. Sie tuko watano: mama, wewe, Aya, Talha na mie. Watoto tulishawaahidi, na mama simuoni huu mwaka wa sita. Nimekaa nahesabu vichwa, kila nikihesabu vinabaki vitano.

Ofa inaisha Jumatano. Unasemaje?

Nduguyo mdogo,
Haroub

*

Mbagala, 11 Februari 2025

Kwa Haroub,

Assalaam alaykum. Sie wazima.

Basi mie msinihesabu. Duka nalo haliwezi kufungwa hivihivi, wateja wa Mbagala ukiwafungia wiki moja wanahamia kwa jirani. Mie si neno, nishazoea. Mradi mama aione bahari na watoto wafurahi. Nyie nendeni tu.

Dada yako,
Jokha

*

Maskati, 11 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Allah akulipe kheri. Umenitua mzigo ambao hujui uzito wake. Nimeshalipia, majina manne, tunaondoka tarehe 27 Aprili. Wewe ni dada wa kupigiwa mfano.

Nduguyo mdogo,
Haroub

*

Maskati, 2 Aprili 2025

Dada Jokha,

Assalaam alaykum, shikamoo, na Idi mubarak. Natumai mmefunga na kufungua salama.

Nilituma salamu za mwezi hukujibu. Nimetuma za Idi hukujibu. Nikimpigia mama anasema "Jokha yupo, anafua," "Jokha yupo, anapika." Kuna kitu?

Nduguyo,
Haroub

*

Mbagala, 6 Aprili 2025

Kwa Haroub,

Wa alaykum salaam. Mama mzima, watoto wazima. Kuhusu mie usiulize kwa sababu sasa nakwambia.

Wewe umezaliwa nyumba hii hii. Uliwahi kumuona mgeni wa baba akakaribishwa chakula akasema "ndiyo" hapohapo? Mtu anasema "nimeshiba, alhamdulillahi," huku tumbo linanguruma. Baba anamwapia. Anakataa tena. Baba anaapa kwamba asipokula naye haonji. Hapo ndipo mtu ananawa mikono. Tumelelewa hivyo sote wawili.

Nilipokuandikia "mie msinihesabu" nilikaa na simu mapajani nikisubiri useme, "Wallahi dada, haiwezekani." Ungesema hivyo ningekataa mara ya pili. Ungesema tena ningekubali, kisha tungetafuta njia, hata safari ikingoja mwaka mwingine. Badala yake jibu lako limefika sijamaliza hata kufunga duka, na umeshalipia, na eti nimekutua mzigo.

Nilimsimulia Mwalimu Genoveva, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa Bukoba. Akanishangaa. "Lakini Mama Talha, si ulisema mwenyewe huendi?" Yeye simlaumu, hakulelewa na baba yetu. Wewe ndiye uliyeniuma.

Siku mama alipoulizia habari ya meli nilikuwa wa kwanza kuitaka. Sasa nawapigia pasi nguo za safari.

Jokha

*

Maskati, 9 Aprili 2025

Dada Jokha,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa ghalani nikaisoma tena nyumbani.

Ningeweza kukwambia kwamba miaka sita ya ugenini imenisahaulisha adabu za kwetu, nawe ungeniamini. Si kweli. Nilijua. Nilipoona "mie msinihesabu" nilijua kabisa kwamba ni neno la mdomoni, na kwamba natakiwa kuapa. Lakini nilikuwa nimetoka shifti ya pili, nikawaza: nikimbembeleza atakubali. Na akikubali nitafanyaje? Ndiyo maana nikalipia haraka, kabla hujabadilisha neno.

Nimewauliza watu wa meli kama jina linaweza kubadilishwa, uingie wewe nitoke mie. Wamesema muda umepita. Sina la kujitetea, dada. Naja tarehe 25, uso wangu sijui nitauweka wapi.

Nduguyo,
Haroub

*

Bandari ya Ngazija, 30 Aprili 2025

Dada Jokha,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nashukuru kwa namna ulivyonipokea siku zile mbili, ingawa ulinipa chai bila kunitazama. Mtandao nimeupata hapa bandarini, watoto wameshuka kutembea, nami nimebaki na mama.

Mama anafurahi. Anakaa dirishani na tasbihi yake, na kila mhudumu anayeingia anamsimulia habari za baba kwa Kiswahili, waelewe wasielewe. Lakini dada, mbona hukuniambia? Hukuniambia kwamba msalani anapelekwa na kurudishwa. Kwamba chai anaitaka ya moto, ukimletea imeshakuwa ya baridi, ukimletea nyingine kasinzia. Kwamba mguu wa kushoto usipokandwa halali, na asipolala yeye halali mtu. Anapoita anaita "Jokha!" Nikiitika mie anasema, "Sikukuita wewe." Nasi tuna siku tatu tu! Mie mwanaume mzima mbebaji wa maboksi jana nimejifungia bafuni nikakaa chini, nikalia kwa uchovu.

Sasa nimeelewa kwa nini ulitaka siku chache za kutoitwa na mtu.

Nimeongea na Rumaisa kwa simu leo. Tukirudi Dar, nipe mama nimchukue Maskati kwa visa ya kutembelea. Miezi mitatu, na ikiwezekana zaidi. Chumba kipo, Rumaisa yupo nyumbani, nami nimeomba niondolewe shifti ya pili. Dada, wallahi simchukui kwa kukufurahisha tu. Ukikataa nitakuapia, ukikataa tena nitakuapia tena, hata mara kumi. Safari hii nitabembeleza mpaka mwisho.

Nduguyo,
Haroub

*

Mbagala, 2 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Haroub,

Wa alaykum salaam. Nimeshukuru kusikia mama yu mzima na watoto wanatembea. Huku mvua haikatiki, duka nimefungua saa nne badala ya saa kumi na mbili na dunia haikuanguka. Siku ya kwanza mlipoondoka nilidhani nitalala. Nilikaa kitandani nikasikiliza nyumba, nikasikia naitwa, nikaamka kwenda kutazama chumba kitupu. Ya pili nililala.

Mguu ukande na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kuanzia gotini kushuka. Dawa ya presha moja asubuhi, moja jioni. Akiita jina langu, wewe itika tu, atazoea.

Barua hii nimeianza mara mbili. Ya kwanza niliandika "usijisumbue, mama tutakuwa naye hapahapa," nikafuta. Ya pili niliandika "tutazungumza ukirudi," nikafuta.

Usiniapie, Haroub. Mchukue.

Dada yako,
Jokha