Katuni Iliyochekwa Matangani

Kihanga, Karagwe
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Ahabwe,

Shikamoo. Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko Mwanza, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona? Huku mvua imekuwa ya kistaarabu, maharage yamebeba, na yule ng'ombe mwekundu wa mama amezaa ndama jike. Mama anakusalimu sana. Nikiandika kwamba sote hatujambo nitakuwa nimekudanganya, lakini nivumilie, nitafika huko taratibu.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Simu zetu huzipokei, wala sikulaumu. Hii nimempa Theoneste wa lori la ndizi, maana ndiye pekee anayeujua mlango wako. Halafu baba mwenyewe amesema jambo hili halisemwi kwenye simu. Linahusu lile neno alilokuambia, kwamba hutamzika.

Siku ile mimi na wewe hatujawahi kuizungumza. Tulikuwa kwenye matanga ya baba mkubwa Yustus, na mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mazishi. Ukamwita chumba cha nyuma, ukafungua kompyuta yako, ukamwekea katuni yako uipendayo, Mchimba Makaburi, huku ukimtafsiria kwa Kinyambo kwa sauti ya chini. Mama akaangua kicheko, waombolezaji wote nje wakanyamaza. Baba, mzee wa kanisa, akaingia kwa hasira. Alisema anayewacheka wafu hatamzika yeye. Wewe ukamjibu kwamba watani wa ukoo hucheka misibani kila siku, huzuia jeneza mpaka wapewe chochote, na hakuna anayewafukuza. Baba akasema mtani ana nafasi yake na anatoka nje ya nyumba, lakini mtoto si mtani wa baba yake. Asubuhi ukapanda basi. Tangu siku hiyo mama anatabasamu tu, tena kwa adabu, kama mgeni.

Sasa nikupe habari za mashabiki, maana najua unazitaka hata kama umenuna. Memori kadi uliyoniachia haijapumzika. Yule rafiki yangu Umutesi, tunayeshona naye pale Bugene, amekuwa mfuasi wako bila kukuona hata siku moja. Kwake yeye hakuna katuni ya watu wazima inayomfikia Mchimba Makaburi. Mimi bado nasimama na Ng'ombe wa Ofisini. Ninamwambia kwamba ukimvalisha fahali tai na kumpa uwaziri umeshawacheka wakubwa wote bila kumtaja hata mmoja, na hiyo ndiyo akili. Yeye hunijibu kwamba huo ni utani wa kunyoosha kidole, unamcheka mwenzako ukiwa umekaa pembeni salama, ilhali Mchimbaji anakucheka na wewe mwenyewe, kwa kuwa shimo ni la wote. Anasema kicheko kisicho na uchungu ndani yake ni kutekenywa tu. Nikamuuliza kama anaweza kumwangalia Mchimbaji siku akifiwa. Akaniambia alimwangalia alipofiwa na mama yake, na ndipo alipoanza kumpenda. Nikaendelea kukata kola.

Baba anaumwa, kaka. Si ule mgongo wa zamani. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, tukampeleka hospitali, na daktari akatuambia ini limekwisha, tumrudishe tukamtunze nyumbani. Ng'ombe wanachungwa na Hagenimana, na baba huwasikia tu wakipita dirishani asubuhi. Anawataja mmoja mmoja kwa mlio, na hakosei. Chakula hakimkai, anakunywa maziwa kidogo.

Ili nisimwache mama peke yake nimehamishia cherehani nyumbani, na Umutesi hunifuata huku, na mabishano yetu yamemfuata pia. Tulidhani baba amelala. Siku moja akaniita, akaniuliza ni kesi gani hii isiyokwisha, na kama ina pande mbili basi waletwe mashahidi. Nilifikiri ananikemea. Kumbe alikuwa anataka kuziona hizo katuni, zote mbili, palepale alipolala, nami nimtafsirie.

Tulianza na yangu, kwenye simu. Aliwatazama ng'ombe wangu wenye tai bila kupepesa jicho, kisha akatoa hukumu kwamba aliyewachora hajawahi kufuga, kwa sababu ng'ombe hamnyenyekei mtu, hata ukimchapa anakuangalia kama mdaiwa wake. Ng'ombe wa kuomba likizo hamjui. Umutesi alifurahi mno, nikamkanyaga mguu.

Ya pili niliiweka kwa woga. Nilitafsiri vibaya, nikawa nacheka kabla ya wakati, na baba akalalamika kwamba nasoma kama matangazo ya kanisa. Tulifika pale ambapo Mchimbaji amechimba kaburi fupi. Jeneza haliingii, umati unamtazama, naye anavua kofia na kumuuliza mjane kwa heshima zote kama marehemu alikuwa akilala amenyooka au amejikunja.

Baba aliniambia nisimamishe. Akauliza kama hapo ndipo mama alipocheka siku ile. Mimi nilikuwa sijui. Mama ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alisema ndiyo, ni hapo. Akasema Yustus katika maisha yake yote hakupata kitanda cha kumtosha, kila alipolala kwetu miguu ilikuwa juu ya kigoda, na siku ile alipoiona ile katuni alimwona Yustus mzima na miguu yake, ndiyo maana alicheka. Alisema hakumcheka, alikuwa anamkumbuka, na kwamba angeeleza siku ileile kama angeulizwa.

Baba akacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, kaka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio, akamlilia kaka yake kwa namna ambayo hakumlilia makaburini. Umutesi alitoka nje. Mimi nilizima simu nikakaa chini.

Kesho yake aliagiza mzee mwenzake wa kanisa aitwe, akatukalisha mimi na mama mbele yake. Alisema neno lilitamkwa mbele ya watu na ni lazima liondolewe mbele ya watu. Akasema alimkosea mwanawe, kwamba alisikia kicheko na hakuuliza kinatoka wapi, na kwamba neno la kutomzika amelifuta. Mzee mwenzake aliomba, sote tukasema amina.

Baada ya amina baba alifungua macho, akaniagiza nikuandikie kwamba kaburi lake ulipime wewe mwenyewe, na ulipime vizuri, kwa kuwa yeye hulala amenyooka.

Kisha akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri. Hakuna aliyecheka, kaka. Mama alifunika uso kwa kitenge. Mzee wa kanisa alitazama sakafu. Mimi nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu, midomo ikakataa. Baba alisubiri kidogo, akageukia ukutani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapa pamekosekana mtu wa kuwaambia watu wacheke lini, na mtu huyo yuko Mwanza.

Theoneste anarudi huku Alhamisi na amekuwekea nafasi mbele, karibu na dereva. Usisubiri kufua nguo wala kuaga kazini kwa mapana. Jana baba aliniuliza tena kama barua imeondoka, nikamwambia imeondoka, na ilikuwa bado iko hapa mezani. Sina nguvu ya kumdanganya mara ya pili.

Mama anasema uvae koti, baridi ya Kihanga umeisahau. Umutesi anakusalimu, anasema ana maswali. Msalimie kila anayekufadhili huko, na Mungu akushike mkono njiani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,

Kansiime