Wafula Amemponda Dubu-maji Wangu

Mbale, Jumanne usiku

Amemponda! Dubu-maji wangu, kile kinyama cha hadubini chenye miguu minane!

Wafula, mwenzangu wa maabara ya Jinja, kanipigia simu akicheka. "Mwalimu, hongera! DNA ya dubu-maji wako wa Busiu haifanani na ya yeyote. Ni spishi mpya!"

Nikamuuliza picha za kucha zake ziko wapi.

"Picha? Si ulipiga wewe?"

Hadubini yangu ya shule haina kamera. Ndiyo maana nilimpeleka Jinja!

"Na mwili?"

"Bwana, kidudu kisichoonekana kwa macho, ningebakiza nini? Nimemponda mzima."

Kazi hii ina desturi: unapiga picha kwanza, ndipo unaponda kutoa DNA. Nani atakubali jina la mnyama ambaye hakuna aliyemwona kucha wala mdomo? Nami na kitambi changu nilipiga magoti kubandua kuvumwani, utando anamoishi, kwenye jiwe moja la Busiu kama mtu aliyeokoka jana, nikapata huyo mmoja tu.

"Naogopa hayupo mwingine," nikamwambia. "Na kama..."

"Usinune, mzee," kaniambia. "Jumamosi nakuja tutafute wote."

Aje. Ila tukimpata, mikono yake ikae mfukoni.